Blenda ya Kariakoo na kokteli ya embe: nyota moja, labda tatu

Nimeacha zipite wiki kadhaa nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, basi naandika nazo hivyo hivyo. Nguvu ya mota na ukubwa wa jagi vimeandikwa kwenye boksi, atakayetaka akasome huko. Mimi nina jambo moja tu: blenda iliyonifia katikati ya embe, na jibu nililopewa nilipoirudisha dukani.

Ilikuwa Jumamosi, joto lile la kaskazi, Dar nzima inachemka na feni inakupulizia moto. Wifi yangu anakuja na mashosti zangu, nikasema leo soda hapana. Maembe dodo yamejaa sokoni, mananasi ya Kiwangwa yamepangwa barabarani mpaka unabembelezwa uchukue, pasheni ninazo kwenye friji. Nikanunua na Konyagi kwa wale wanaotumia. Wifi hatumii, kwa hiyo jagi lake lilikuwa la kwanza.

Nieleze nilivyofanya, maana najua kuna mtu atasema sijui kutumia blenda. Embe nilimenya asubuhi, nikalikata vipande nikavigandisha. Ukigandisha tunda lenyewe huhitaji barafu nyingi, na kinywaji hakigeuki maji maji mkiwa bado mnasalimiana. Asali niliizimua kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu ukiimwaga kwenye kitu cha baridi inazama na kuganda chini, unakuja kukutana nayo glasi imeisha. Pasheni nilizichuja kwa mkono, hazikuingia kwenye blenda kabisa. Zile mbegu nyeusi zikikatwakatwa zinakuachia chenga mdomoni. Kisha maji ya nanasi chini, embe juu yake, barafu chache mwisho. Cha maji kinatangulia, kigumu kinafuata. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu nyumbani kwangu analijua.

Jagi la wifi lilitoka safi. Nisiseme uongo, lilitoka vizuri sana, zito, laini, na povu juu. Ningeandika saa ile ningetoa nyota tano na kumwombea dua aliyeniuzia.

Jagi la pili, kisu kikazunguka kidogo, kikakoroma, kikasimama. Mota inaunguruma, kisu kimetulia. Halafu ikaja ile harufu ya raba inayoungua. Nikazima, nikanyanyua jagi. Ile raba ya meno iliyo juu ya mota, inayoshika kitako cha jagi na kuzungusha kisu, ilikuwa imelika upande mmoja wote, unga mweusi umetapakaa mpaka kwenye swichi. Mashine haijamaliza hata mwezi ndani ya nyumba!

Na wageni wako sebuleni. Ndipo nikaikumbuka dawa ya Nairobi, ile kokteli iliyopata jina pale Carnivore, mgahawa uliopo tangu 1980: vodka, ndimu, asali, barafu, na kijiti cha kukandia. Haitaki blenda wala umeme. Nikatoa kinu changu cha vitunguu saumu, nikakisugua kwa ndimu na chumvi (msicheke), nikaponda embe lililoanza kulegea pamoja na kipande cha tangawizi. Nikatia kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko: embe, pasheni, asali, barafu, na Konyagi mililita 50 kwa kila glasi, yaani vijiko vikubwa vitatu na kidogo. Konyagi ni asilimia 35, vodka nyingi ni 40, kwa hiyo haiui ladha ya tunda. Ila utamu wa embe unaificha, na hapo ndipo watu huanza kuimba. Ndimu nikakamua mwishoni. Usiiponde na ganda lake kwa muda mrefu, utapata uchungu. Nikatikisa mpaka chupa ikaota jasho, nikamimina. Vipande vya embe vinabaki, unakunywa huku unatafuna. Shosti mmoja aliomba tena, na tena, na kusema kweli ilikuwa tamu kuliko ile ya blenda.

Sasa kama kokteli ilifanikiwa, kinachoniuma nini? Kinaniuma Jumatatu.

Jumatatu nimeibeba kwenye boksi lake, na risiti ya EFD, na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri, mwaka mzima. Kijana yule yule aliyeniita "mama yangu" siku ya kununua, akaniapia kwamba mashine hii inasaga hata mawe, safari hii hakuinua macho kwenye simu. Shikamoo hakuna. Nikamwekea raba mezani.

"Ulikuwa unasaga nini?"

"Embe."

"Embe tu?"

Nami sina cha kuficha, nikasema embe, nanasi, barafu kidogo, tulikuwa tunatengeneza kokteli. Akacheka kwa sauti, duka zima lisikie: "Mama, hii ni blenda ya juisi, siyo ya pombe. Waranti haihusiki na pombe."

Nirudie kwa ambaye hakusikia. Waranti haihusiki na pombe! Pombe ambayo haikuingia kwenye jagi hata tone moja. Na hata ingeingia, raba inajuaje huko juu kuna nini? Raba iko chini, nje ya jagi, haigusani na kinywaji milele. Barafu ya juisi na barafu ya kokteli zina tofauti gani, moja imesilimu? Wateja wamegeuka wananitazama, mama mzima na kilemba changu, nimeshakuwa mlevi wa Jumatatu asubuhi. Nikaomba kuongea na mwenye duka. Akaninyooshea kidole kwenye karatasi ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Sasa muhuri wa waranti mliugonga ili kupamba boksi?

Nikamwambia Tume ya Ushindani ipo, na sheria ya 2003 inamlinda mlaji. Akasema, "Nenda." Neno moja tu, kwa mtu wa rika la mama yake. Raba ningeisamehe. Hiyo "nenda" bado imenikaa kooni.

Sikwenda Tume. Nilikwenda kwa fundi, hatua chache kutoka hapo, amekaa chini ya mwavuli na ndoo ya raba za blenda za kila aina. Ndoo nzima! Hakuniuliza habari za pombe. Akaibonyeza raba yangu, akasema hizi zinazokuja nazo ni laini, zinakufa kila siku, akafunga ngumu kwa shilingi 5,000, na chai yake ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Tangu hapo mashine inafanya kazi. Inasaga embe, inasaga barafu, juzi imesaga karanga bila kulalamika. Inanikera kusema hivi lakini mota ni nzuri, na kwa bei ile sijui kama ningepata nzuri zaidi. Nilikuwa nimeweka nyota moja, napandisha tatu.

Tatu za mashine, tuelewane. Duka sifuri, na kijana yule kama kungekuwa na chini ya sifuri ningemteremsha huko. Ukienda kununua, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji anyanyue jagi, uibonyeze ile raba kwa ukucha. Ikibonyea, mwachie. Waranti inahusu nini na haihusu nini, aandike kwenye risiti kwa mkono wake. Na ukirudisha wakakuuliza ulikuwa unasaga nini, sema uji wa mtoto.

Ngoja kidogo. Nimetoka jikoni sasa hivi, kuna maji chini ya kitako, na yana rangi ya embe. Wifi anasema ni glasi yake ilimwagika. Nakwenda kufuta nitazame vizuri. Nikikuta ni jagi linavuja, ile nyota moja irudi pale pale.