Mkanda wa taimingi wa Subaru: gereji ya Ganjoni iliyozungusha injini kwa mkono kabla ya kuiwasha

Gari langu la kwanza, Corolla ya injini ya 5A, lilizimika ghafla karibu na mji wa Mackinnon Road, bila mlio wala taa ya onyo, na likavutwa hadi Mombasa kwa gharama ambayo sipendi kuikumbuka. Mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa mpira unaofanya valvu zifunguke na kufungwa kulingana na mwendo wa pistoni, ulikuwa umekatika. Nilinunua mkanda mpya na gari likawaka, kwa kuwa katika injini ile valvu na pistoni hazigongani hata mkanda ukikatika. Injini ya EJ20 iliyomo katika Subaru Forester ninayoendesha sasa haina huruma hiyo: mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu na kuzipinda, na kazi iliyokuwa ya mkanda hugeuka kuwa ya kufungua injini nzima. Kwa hiyo safari hii sikungoja. Nililipeleka katika gereji moja ya mtaa wa Ganjoni, hapa Mombasa, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nina ya kuisifu na ya kuilaumu.

Fundi mkuu hakuanza kwa kutaja bei. Alifungua boneti akatafuta kibandiko ambacho gereji za Japani hubandika karibu na injini baada ya kubadilisha mkanda, chenye kilomita na tarehe ya kazi. Hakukiona. "Mama, kilomita za dashibodi tuziache kwanza," akaniambia. "Mkanda ni mpira, na mpira huchakaa hata gari likilala." Ni kweli kwamba kipimo cha kawaida cha injini hii ni takriban kilomita 100,000, lakini kwa gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu bila karatasi za matengenezo, na linaloendeshwa mjini humu, tarakimu hiyo peke yake haitoshi. Anayevuka Likoni kila siku anajua kwamba injini hunguruma katika foleni ya feri, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na joto limepanda, huku kilomita hazisogei hata moja.

Nilipokuwa nangoja alifika kijana mwenye Probox, akasema ameelezwa kwingine kwamba mkanda wake umefikia wakati wa kubadilishwa. Fundi akamjibu kwamba injini yake ya 1NZ hutumia cheni, haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, na akamruhusu aende bila kumtoza hata senti. Hapo ndipo nilipoamua kuliacha gari langu.

Kifuniko cha plastiki kilipotolewa, mkanda wa zamani haukuonekana mbaya kwa mbali. Ulipokunjwa upande wa mgongo, nyufa nyembamba zilijitokeza, na maandishi yote yalikuwa yamefutika. Lililonishtua zaidi ni puli za kuongozea mkanda. Puli isiyo na kasoro, yenye grisi ndani, ukiizungusha kwa kidole huenda taratibu na kusimama kimya, lakini moja ya zangu ilizunguka muda mrefu kama pia ya watoto, ikitoa sauti ya mchanga. Mtu anayebadilisha mkanda peke yake na kuacha puli kama hiyo hajafanya kitu, kwa maana puli ikikwama mkanda mpya utakatika vilevile. Tulibadilisha mkanda, puli, tenshena inayoukaza mkanda, sili za mbele za kuzuia oili isivuje, na wota pampu, ambayo huzungushwa na mkanda huohuo. Spea zilinigharimu shilingi 22,000 na ufundi shilingi 6,000.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni ya kupanga alama za gia, ili valvu na pistoni ziende kwa wakati mmoja. Gia ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ya injini hii ina mshale unaoonekana wazi, na nyuma yake, pembeni, kuna mkato mdogo ambao ni rahisi kupitwa na macho. Wako mafundi wanaofuata mshale, na hapo taimingi huharibika, kwa kuwa alama inayotakiwa ni ule mkato. Fundi aliniita, akausugua kwa kitambaa, akaniwekea tochi hadi nikauona mwenyewe. Baada ya kuuvisha mkanda na kuchomoa pini iliyoishikilia tenshena, hakukimbilia ufunguo wa gari. Alishika spana akaizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, akisikiliza kama kuna kitu kinachokwama, kisha akazikagua tena alama za gia. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda haikurudi mahali pake, nami nikaingiwa na hofu, lakini akanieleza kwamba mistari hiyo ni ya kusaidia wakati wa kuuvisha tu, na baada ya hapo hutazamwa gia.

Lawama zangu ni mbili. Niliahidiwa kazi ya siku moja, nikaambiwa adhuhuri kwamba gari liko tayari kufikia alasiri, na nikalipata kesho yake baada ya magharibi bila hata simu ya kuniomba radhi. La pili ni zito zaidi: msaidizi alikaza bolti kubwa ya puli ya krenki kwa spana iliyochomekwa bomba refu, kwa kukisia. Bolti hiyo ikilegea, puli hucheza na kuila krenki yenyewe. Nilikataa kuondoka mpaka ilipoletwa spana ya kupimia mkazo, ambayo iliazimwa kutoka kwa jirani. Gereji inayopokea kazi za aina hii ingepaswa kuwa na yake.

Nimeshaendesha kilomita 3,000 tangu hapo, ikiwemo safari moja ya Voi, na maji ya rejeta hayajapungua wala oili haijavuja mbele. Nitarudi kwao, ila nitauliza kuhusu ile spana kabla ya kuwaachia ufunguo. Kibandiko hawakunipa, kwa hiyo tarehe na kilomita nimeziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha mkanda.