UN au majirani, nchi ndogo ishike wapi?

Hapa Lamu mabarazani hoja hii haiishi, visiwa kama Mauritius, Seychelles na Komoro bora wategemee UN ama majirani zao wa Tume ya Bahari ya Hindi?

Kwa nguvu ya kura UN haina mpinzani manake Mauritius, na udogo wake wote, kura yake kwenye Baraza Kuu ni sawa na ya Uingereza, na 2019 kwa habari ya Chagos, visiwa inavyovidai vilivyoshikwa na Uingereza, nchi 116 ziliiunga mkono, 6 tu zikapinga, wallahi nilifurahi. Ila Uingereza ilipewa miezi 6 iondoke na haikuondoka, azimio la Baraza Kuu halimlazimishi mtu.

Kwa haraka, majirani. Wako watano tu, meli ya kutiliwa shaka ikionekana kituo cha Madagascar kinakusanya taarifa, cha Seychelles kinapanga doria. Pesa ndo shida, kazi hiyo ya vituo imebebwa sana na Umoja wa Ulaya.

Sasa we shida yako ni gani? Wavuvi haramu, shika majirani. Ardhi, nenda UN, manake Komoro wanaodai Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, watamshtaki vipi Ufaransa kwenye tume ambayo Ufaransa mwenyewe ni mwanachama?