Kioo Kirefu cha Ukutani Katika Chumba Kidogo cha Kulala: Uzoefu Wangu

Chumba changu cha kulala kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2.6, na dirisha lake ni moja tu, katikati ya ukuta mfupi unaoelekeana na mlango. Kitanda cha sentimita 120 kwa 190 kikishaingia humo pamoja na kabati la nguo, nafasi inayobaki ni njia ya kupita tu. Nilinunua kioo cha ukutani chenye kimo cha sentimita 180, upana wa sentimita 80 na fremu nyembamba ya alumini, na baada ya kuishi nacho kwa muda wa kutosha ninaweza kusema kwamba hakuna kitu kingine nilichokiweka chumbani humo kilichokipanua machoni kwa kiasi hicho. Hata hivyo, sifa hiyo ni ya mahali kilipofungwa kuliko ya kioo chenyewe, na ndiyo sababu maelezo yangu mengi yatahusu mahali hapo.

Kioo bapa huonyesha kila kitu kana kwamba kipo nyuma yake kwa umbali uleule ambao kitu hicho kipo mbele yake. Maana yake ni kwamba kioo kikifungwa kwenye ukuta mrefu, upana wa mita 2.6 unaonekana ukiendelea kwa mita nyingine 2.6, wakati kikifungwa kwenye ukuta mfupi kinarefusha upande ambao tayari ni mrefu, na chumba kinazidi kufanana na ujia. Kwa hiyo nilichagua ukuta mrefu, karibu na dirisha, huku kitanda kikiwa kimeegemea ukuta wa pili na kichwa chake kikiwa upande wa mlango. Mwanga hurudi kwa pembe ileile ulioingilia. Hivyo mtu akilala juu ya mto haoni sura yake mwenyewe, anaona dirisha. Wako watu wengi wasiopenda kujiona kiooni usiku wanapogeuka kitandani, na mimi ni mmoja wao. Mpangilio huu umeliondoa tatizo hilo bila kukipoteza kioo.

Jambo la pili la mpangilio ni kabati. Nililiweka kwenye ukuta uleule wenye kioo, upande wa mlango, kwa sababu samani iliyo ubavuni mwa kioo karibu haionekani kabisa ndani yake, ilhali ile inayokielekea huonekana mara mbili. Ukiweka kioo mbele ya rafu iliyojaa mabegi na viatu, utakuwa umeongeza mabegi na viatu. Kinachotazamwa na kioo changu ni upande wa miguuni wa kitanda na ukuta mtupu juu yake, na mtu akisimama kando ya kitanda analiona pia dirisha. Nimeuacha ukuta huo bila picha wala saa kwa makusudi, na ningemsihi yeyote anayenunua kioo aamue kwanza kitatazama nini kabla hajauliza kinauzwaje. Kuna njia rahisi ya kupima: shikilia kioo cha mkononi kikiwa kimelala bapa ukutani pale unapokusudia kukifunga kile kikubwa, kisha mtu mwingine atazame kutoka kitandani na kutoka mlangoni.

Kimo cha kufungia nacho kina uzito wake. Kwa kujitazama tu, kioo chenye nusu ya kimo chako kinatosha kukuonyesha mwili mzima kikifungwa mahali panapofaa, lakini kioo kinachoishia katikati ya ukuta hakiendelezi sakafu. Changu kinaanzia juu kidogo ya skatingi, yaani ule ukanda mwembamba unaopita chini ya ukuta, kwa hiyo mistari ya vigae inaingia ndani yake na kuendelea, na jicho linakubali kwamba kuna sakafu upande wa pili. Kioo cha kuegemeza nisingekishauri katika chumba cha aina hii, kwa sababu kinainamia nyuma na kuonyesha dari badala ya sakafu, halafu kinakula ile nafasi ndogo ya kupita.

Kuhusu ubora, unene ni milimita 5, na picha yake imenyooka vizuri ukikitazama kwa pembe kali, ambako vioo vyembamba huanza kupinda mistari ya mlango. Unene huo una gharama ya uzito: mita moja ya mraba ya kioo yenye unene wa milimita 1 ina kilo 2.5, kwa hiyo hiki kina kilo 18 kabla ya fremu. Kinahitaji skrubu nzuri na fisha (vile vibomba vidogo vinavyoingizwa ukutani ili skrubu ishike) zilizoshika ukuta imara, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Vipo vioo vya plastiki ya akriliki ambavyo uzito wake haufiki nusu ya huo, ila karatasi kubwa ya akriliki hulegea na kuvuta sura. Nilifurahi kukuta nyuma ya kioo kuna utando wa plastiki wa kuzuia vipande visitawanyike kikivunjika. Kitu kizito namna hii kikiwa karibu na kitanda, utando huo ni wa lazima. Anayetaka kukigandisha kwa silikoni badala ya skrubu achague ile isiyonuka siki, kwa sababu asidi iliyomo kwenye silikoni ya aina hiyo hula fedha iliyopakwa nyuma ya kioo na kuacha madoa meusi.

Kioo peke yake hakifanyi kazi yote. Kuta zangu ni nyeupe yenye joto kidogo na hazing'ai, na skatingi imepakwa rangi hiyohiyo ili ukuta usikatwe na mstari. Bomba la pazia nililipandisha hadi karibu na dari na kulirefusha pande zote mbili za dirisha, ili pazia likifunguliwa lijikusanye mbele ya ukuta na kioo kipate mwanga wote wa dirisha. Usiku mambo hubadilika, kwa sababu dirisha linakuwa jeusi na kioo kinaonyesha weusi huo. Balbu moja ya katikati ya dari huacha pembe gizani, na ukuta wenye giza huonekana umesogea. Taa ndogo ya ukutani yenye balbu ya kelvini 2700, yaani ya mwanga wa umanjano, iliyofungwa karibu na kioo, huonekana kama taa mbili na kuipa pembe ile mwanga inaouhitaji.

Kasoro zipo. Rangi ya kioo ina ukijani hafifu, unaotokana na chuma kilichomo katika kioo cha kawaida, na ukuta mweupe unaonekana umepoa kidogo ndani yake. Alama za vidole huonekana upesi pembeni. Pazia jepesi ni la lazima, kwani mtu aliye nje anaweza kuona kupitia kioo sehemu ya chumba ambayo asingeiona moja kwa moja. Katika kusafisha, dawa inyunyiziwe kwenye kitambaa na si juu ya kioo, maana maji yakiteremka hadi kwenye ukingo wa chini hupenya nyuma na kuanza kuumeza utando wa fedha kutoka pembeni.

Kwa chumba chenye dirisha na ukuta mrefu ulio wazi karibu nalo, ningekinunua tena bila kusita. Kwa chumba kisicho na dirisha, ningeanza na taa.