Las Vegas kwa wawili, siku tatu: malazi ya kulipia na ya kuyapita

Mara ya kwanza mimi na mume wangu kwenda Las Vegas, tulichagua hoteli kwa kigezo kimoja tu: hakukuwa na ya bei ya chini kuliko ile. Ilikuwa Julai. Kwenye ramani ilikaa barabara ileile yenye kila tulichotaka kuona, tukasema tutatembea. Siku ya pili, saa nane mchana, joto limeshapita nyuzi 40, mzee akasimama kwenye kivuli cha bango la matangazo, akafuta jasho, akasema, "Mama watoto, hapa tumenunua kitanda. Las Vegas hatujainunua."

Alikuwa na haki. Wawili waliokuja kwa siku tatu hawana muda wa kufidia kosa la mahali. Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa nyota wala kwa marumaru za ukumbi. Nimeipanga kwa mambo mawili: mkitoka mlangoni mtafika wapi kwa miguu, na mkirudi usiku mtapata utulivu kiasi gani.

Kabla ya majina, bei. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Karibu hoteli zote za Strip, ile barabara kuu ya kasino na hoteli kubwa, hutoza ada ya lazima kwa kila usiku, juu ya bei ya chumba. Watakwambia ni ya intaneti na chumba cha mazoezi. Utumie usitumie, unalipa. Kwenye hoteli kubwa mara nyingi ni kati ya dola 40 na 55. Juu ya vyote viwili huja kodi ya malazi, takriban asilimia 13. Chumba cha dola 89 chenye ada ya dola 50 kinakaribia dola 158 ukishamaliza kulipa. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inawataka wauzaji waonyeshe bei ikiwa na ada za lazima tangu mwanzo, na hilo limepunguza ujanja, ila kodi bado yaweza kujitokeza mwishoni. Linganisheni jumla kwa jumla, msilinganishe zile tarakimu kubwa za rangi nyekundu.

Siku nazo zina bei zake. Jumapili hadi Alhamisi chumba kilekile huweza kuwa nusu ya bei ya Ijumaa na Jumamosi, wakati mwingine chini ya nusu. Epukeni wiki ya maonyesho ya teknolojia ya CES mwezi Januari, na wiki ya mbio za Formula 1 mwezi Novemba, ambazo tangu 2023 hupita juu ya Strip yenyewe: bei zinaruka na barabara zinafungwa.

Sasa chaguo langu la kwanza, na najua litawashangaza waliokuja kwa ajili ya taa: hoteli isiyo na kasino, katikati ya mji wa kasino. Vdara, iliyofunguliwa 2009, iko nyuma kidogo ya hoteli ya Bellagio, haina mashine hata moja ya kamari, na hairuhusu sigara. Kama hujawahi kukaa Las Vegas, jambo hili laweza kuonekana dogo. Si dogo. Hoteli nyingine nyingi zimejengwa ili usiweze kufika kwenye lifti yako bila kukatiza ukumbi wa kamari, na sheria ya Nevada ya 2006 iliyopiga marufuku sigara ndani ya majengo mengi iliziacha kumbi hizo nje. Utapita kwenye moshi ukienda kunywa chai, utapita kwenye moshi ukirudi kulala, na gauni lako la usiku litanuka hadi nyumbani. Vdara unaingia mlangoni, unapanda juu, basi. Vyumba ni vikubwa, vingi vina jiko dogo na jokofu, kwa hiyo asubuhi hamlazimiki kupanga foleni ya mkahawa. Kuna treni ndogo ya bure inayounganisha Bellagio, Aria na Park MGM, na kituo chake kimoja kiko karibu sana. Kasoro? Uso wa jengo umepinda kama kioo cha kukuzia, na mwaka 2010 wageni walilalamika kwamba jua linaloakisiwa huko lilikuwa likiwachoma bwawani. Kaeni kwenye kivuli. Na kama hamkuja kulala mapema, utulivu wake utawaboa.

Wanaotaka kasino chini ya chumba lakini si moshi, waangalie Park MGM. Tangu 2020 imepiga marufuku sigara jengo zima, pamoja na ukumbi wa kamari.

Nafasi ya pili ni ya fungate, kumbukumbu ya ndoa, au wawili waliogombana muda mrefu wakaamua kupatana: chumba kinachotazama chemchemi za Bellagio. Ziwa lile lipo tangu 1998, na maji yake hurushwa hadi karibu mita 140 kwa kufuata muziki. Mchana ni kila nusu saa, usiku ni kila robo saa hadi saa sita. Kulitazama kutoka barabarani ni bure, na hapo ndipo swali la kununua linapokuja: kwa nini nilipie dirisha? Jibu langu ni kwamba msilipie dirisha, lipieni roshani. Madirisha ya hoteli za Las Vegas kwa kawaida hayafunguki. Mtaona maji yakicheza bila kuyasikia, kama televisheni iliyozimwa sauti. The Cosmopolitan, iliyofunguliwa Desemba 2010, ilibuniwa mwanzoni iwe na makazi ya kuuzwa, ndiyo maana vyumba vyake vingi vina roshani halisi ya kutoka na kukaa. Ila someni jina la chumba neno kwa neno. Kuna chenye roshani kisichoona chemchemi, na wengi wamelipa cha kwanza wakidhani wamepata vyote viwili. Bellagio yenyewe ni ya heshima, lakini vyumba vinavyotazama ziwa ni ghali kuliko vya nyuma na hamtafungua dirisha. Ng'ambo ya barabara, hoteli ya Paris ya 1999, yenye mnara wa Eiffel wa nusu kimo, huwa nafuu zaidi kwa mandhari yaleyale, na kwa wenye bajeti ya kati ndiyo ningeishauri. Ombeni ghorofa ya juu upande wa ziwa. Ule mnara huziba sehemu ya mandhari kwa baadhi ya vyumba.

Ushauri mmoja hapa: chukueni chumba cha mandhari kwa usiku mmoja tu, wa mwisho. Usiku wa kwanza mtakuwa mmechoka na safari, mtalala kabla ya chemchemi ya tatu.

Ya tatu ni The Venetian. Hapa vyumba vyote ni vya sehemu mbili: kitanda juu, kisha unashuka ngazi mbili tatu hadi kwenye makochi. Hata kile cha kawaida kina takriban mita za mraba 60, na kwa wawili wenye masanduku manne (sitaji ni nani) ukubwa huo unaokoa ndoa. Kama mmekata tiketi za Sphere, lile jengo la duara lililofunguliwa Septemba 2023, mnakwenda kwa miguu kupitia daraja la ndani. Tatizo ni ukubwa wa mahali penyewe. Kutoka kitandani hadi barabarani ni safari, na mara mbili tulijikuta tunarudi kwenye mfereji uleule wa magondola, zile mashua za mji wa Venisi, chini ya mbingu ya kuchorwa, tukidhani tumetoka nje.

Ya nne imenisumbua kuipanga, kwa sababu mzee anaipenda kuliko zote. Ni Fremont Street, katikati ya mji wa zamani. Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya Strip haimo ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas. Kiutawala iko eneo liitwalo Paradise, chini ya Kaunti ya Clark. Fremont ndiyo Las Vegas yenyewe. Hoteli ya Golden Nugget ipo tangu 1946, na bwawa lake lina tangi la papa katikati na bomba la kuteleza linalopita humo. Circa, ya 2020, haipokei mtu chini ya miaka 21, kwa hiyo hamtalia na watoto wa watu bwawani. Vyumba kwa kawaida ni nafuu kuliko vya katikati ya Strip, na meza za kamari huanzia dau la chini. Kelele ndiyo bei yake. Juu ya barabara kuna paa la taa lenye urefu wa zaidi ya mita 400, na chini yake majukwaa ya muziki hupiga hadi usiku mkubwa. Basi la Deuce huenda na kurudi Strip saa 24, lakini kwenye foleni ya magari hukokota. Kama mnakuja kwa mara ya pili, Fremont ingepanda hadi nafasi ya pili. Kwa mara ya kwanza mtatumia muda mwingi mno kwenye basi.

Kisha kuna kusini mwa Strip, kwa bei nafuu. Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na hoteli ya Luxor imemjengea piramidi ya ghorofa 30, tangu 1993, yenye lifti zinazopanda kwa mshazari. Inafurahisha kuipanda mara moja. Kulala humo, na ukuta wa dirisha unaokuinamia, ni jambo jingine. Mkiichagua, ombeni vyumba vya minara ya pembeni. Excalibur ya jirani ina bei za aina hiyohiyo na watoto wengi zaidi. Treni ya bure inaziunganisha na Mandalay Bay, lakini hadi kwenye chemchemi bado ni mwendo wa kutosha.

Kaskazini kabisa, The STRAT ina mnara wa mita 350 na vyumba vya bei ya kuvutia. Nendeni kupanda mnara, lakini kulala laleni kwingine. Majengo ya mji huu ni makubwa kiasi kwamba hoteli "ya pili kutoka hapa" huweza kuwa dakika 20 za miguu, na pale The STRAT siyo ya pili kutoka popote. Monoreli nayo haifiki huko: inaanzia Sahara hadi MGM Grand, nyuma ya hoteli za upande wa mashariki, wala haiendi uwanja wa ndege.

Mkienda kucheza, tengeni pesa yenu mapema kama tiketi ya onyesho, iishe na mwisho uwe huo. Kwenye roleti, ule mchezo wa gurudumu la namba, hesabuni sifuri kabla ya kukaa. Gurudumu la sifuri moja linaipa kasino, kwa wastani, asilimia 2.7 ya dau, la sifuri mbili 5.26, na siku hizi Strip imejaa la sifuri tatu, 7.69. Watu wanalikalia kwa sababu dau lake ni dogo.

Kama safari yenyewe ndiyo harusi, cheti cha ruhusa ya ndoa kinatolewa na ofisi ya Kaunti ya Clark kwa dola 102, kila siku, saa mbili asubuhi hadi saa sita usiku, hata sikukuu. Nendeni wote wawili na pasipoti.

Siku ya kuingia, hoteli itashikilia kiasi fulani kwenye kadi yenu kama amana, na huchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo msitoe kadi yenye pesa ya chakula. Usiguse vitu vya jokofu la chumbani hata kwa kusoma lebo: baadhi yana kihisio, na sisi tulitozwa maji ambayo hatukuyafungua. Ikabidi tupigie mapokezi ili wayafute. Na mkifika kaunta, kabla hajawapa funguo, mwambieni mhudumu mnataka chumba cha mbali na lifti, upande usio na bwawa. Mzee huongeza, "na tafadhali, tusiwe juu ya klabu." Mara mbili amekuwa sahihi.