TAHADHARI: Anauza nafasi za kukimbiza gari Brands Hatch ambazo hana

Wakuu, hasa mlioko Uingereza na mnaopenda magari. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wabongo na Wakenya akiuza "siku ya wanaoanza" kwenye uwanja wa mbio za magari wa Brands Hatch, Kent, kwa pauni 95. Hana nafasi hata moja, na uwanja wenyewe haumjui. Vijana kadhaa wameshaliwa. Mmoja wao, dogo wa Luton ninayemfahamu, alitoka alfajiri mpaka Kent na helmeti ya kuazima kwenye siti ya nyuma, akakuta getini wanakagua tiketi za watazamaji, maana siku hiyo kulikuwa na mashindano ya pikipiki. Mlinzi akamwambia asogeze gari pembeni apige simu vizuri. Akapiga weee, haikupokelewa.

Jina la ukurasa silitaji kwa sababu linabadilishwa kila wakinung'unika watu, na jina la mtu analotumia linaweza kuwa la mwingine kabisa asiyejua lolote. Namna anavyofanya kazi ndiyo haibadiliki, kwa hiyo nitaieleza hiyo.

Kwa ambao ni wageni wa mambo haya: track day ni siku ambayo uwanja wa mbio unakodishwa, halafu watu wa kawaida wanaingia na magari yao ya kwenda kazini na kuyakimbiza bila kuogopa kamera za barabarani. Si mashindano. Unakuja na leseni yako kamili, unasaini fomu asubuhi, unahudhuria maelezo ya usalama (usipohudhuria huingii, hata uwe umelipa mara mbili), unavaa mikono mirefu na suruali, halafu mnazungushwa taratibu nyuma ya gari la waandaaji ili muone kona zilipo na wasimamizi wa bendera wamesimama wapi. Kulipita gari la mbele ni kwenye sehemu iliyonyooka tu, tena mpaka mwenzio akuonyeshe kwamba amekuona na amekuruhusu. Kwa wanaoanza mara nyingi mnagawanywa kwa uzoefu, kila kundi linapata dakika kama 20 kisha linatoka kupoza breki. Mwalimu unaweza kumlipia akae pembeni yako, na kwa anayeanza hiyo ndiyo hela inayotumika vizuri kuliko zote. Mimi naiweka juu ya tairi mpya.

Huyu bwana anajua kwamba anayeanza hayajui haya. Anachouza hasa ni kumtoa mtu hofu. Kila kitu ambacho kijana angeuliza kwa wasiwasi, tangazo limeshakijibu: bima ya uwanjani imo, cheti cha kelele kimo, gari lolote linakubaliwa, muda wa kila mzunguko utapimwa na mwenye kasi kuliko wote anapata zawadi. Ukiwa umeshaingia uwanjani siku moja tu, tangazo hilo linakuchekesha. Kwa asiyewahi kuingia linasomeka kama huduma bora.

Tuanze na zawadi. Waandaaji wa kweli hapa Uingereza wanakataza kupima muda. Saa zikianza kuhesabu, siku ya kujifurahisha inageuka mbio, na mbio zina vibali vyake na bima zake. Kuna waandaaji ambao wakikukuta na kifaa cha kupimia muda wanakufungashia virago. Kwa hiyo anayekuahidi kikombe kwenye siku ya wanaoanza, ama hajawahi kuandaa kitu, ama anajua wewe hujui.

Bima sasa. Bima yako ya barabarani karibu hakika haigusi uwanja wa mbio. Soma karatasi zako, utakuta wameandika. Bima ya uwanjani ipo, lakini inakatwa kwa kampuni zinazofanya kazi hiyo, kwa siku fulani, kwa gari fulani lenye thamani iliyotajwa, na sehemu utakayobeba mwenyewe kabla hawajalipa mara nyingi ni karibu asilimia 10 ya thamani ya gari. Haiwezekani ikawemo ndani ya pauni 95 kwa "gari lolote" bila hata kukuuliza unaendesha nini. Dogo hakuulizwa hata namba ya gari. Na vile vyuma vya pembeni mwa uwanja, ukivigonga, waandaaji wengi wanakuletea bili.

Cheti cha kelele ndicho kilichoniudhi, kwa sababu hapo aliwapiga watu mara ya pili. Wiki moja kabla ya siku yenyewe alikuwa anawatumia ujumbe kwamba uwanja umebadilisha masharti, inabidi kila gari liwe na cheti, pauni 40, atawashughulikia yeye. Hakuna cheti cha hivyo kinachouzwa. Kelele inapimwa palepale asubuhi: mtu anakuja na mashine, anaishika nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, anakwambia pandisha injini mpaka robo tatu ya mizunguko yake ya juu, anasoma namba. Viwanja vingi vinaweka kikomo kati ya desibeli 98 na 105. Ukizidi unaambiwa ukatafute namna ya kupunguza, au unarudi nyumbani. Gari la kawaida lenye ekzosi ya kiwandani mara nyingi halina shida hata kidogo. Lakini mwambie hivyo kijana aliyeshalipa 95 na anaogopa kuzipoteza, ataongeza 40.

Kundi lingine aliliambia siku imeahirishwa kwa sababu ya mvua. Mvua! Hii ni Uingereza; siku hizi zingekuwa zinafutwa kwa mvua, pasingekuwa na uwanja uliobaki wazi. Watu wanaendesha kwenye maji, na walimu wengi wanasema hapo ndipo unapojifunza kushika usukani. Kinachosimamisha shughuli ni ukungu, kwa kuwa wasimamizi wa bendera hawaonani.

Kuhakiki hakuchukui hata dakika tano. Kila uwanja una kalenda kwenye tovuti yake inayoonyesha siku gani kuna nini. Brands Hatch, Snetterton, Oulton Park, Cadwell Park na Donington Park ziko chini ya kampuni moja, nayo inauza siku zake yenyewe. Waandaaji wengine wanakodi tarehe kwake. Ukitajiwa tarehe, fungua kalenda. Ikiwa imeandikwa mashindano, maongezi yamekwisha. Ikiwa imeandikwa siku ya magari, piga simu ofisi ya uwanja, kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao na siyo kwenye tangazo, uulize nani amekodi. Wanajibu, hawana sababu ya kuficha. Tangazo lake lilitaja Jumapili, na wikiendi ndipo mashindano mengi yanapofanyika.

Halafu ile pauni 95. Nimeiwaza sana, na sidhani imetokea kwa bahati. Siku nzima ya kweli kwenye uwanja wenye jina inazidi pauni mia, na nyingine zinafika mia kadhaa. Sasa angalia sheria. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji. Pauni 95 haifiki. Ukituma kutoka akaunti kwenda akaunti, tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za hapa zinatakiwa kumrudishia aliyetapeliwa hadi pauni 85,000, lakini zinaruhusiwa kukata hadi pauni 100 za kwanza. Kwa 95, benki inayotaka kukaza inaweza kukurudishia sifuri. Si zote zinakata, kwa hiyo dai tu, na kama ulilipa na ile 40 ya cheti, zitaje zote mbili katika dai moja, maana ni utapeli uleule.

Wale aliowapa namba ya simu ya Kenya wakatuma kupitia programu za kutuma hela nyumbani, nawapa pole ya kweli. Utaratibu huo wa kurudishiwa ni wa malipo yaliyotoka akaunti ya Uingereza kwenda akaunti ya Uingereza. Hata hivyo ripotini kwa kampuni mliyotumia, leo, kabla hela haijatolewa. Muuzaji wa kitu kilichoko Kent anataka hela iende Nairobi kufanya nini?

Na wale waliotuma kwa benki: programu ya benki kwenye simu iliwaambia jina mliloandika halilingani na la mwenye akaunti, sivyo? Yeye akawajibu, "Hiyo ni akaunti ya mhasibu wetu, endelea tu kaka." Kampuni ya kweli ina akaunti yenye jina la kampuni, na kampuni hiyo unaikuta kwenye daftari la Companies House, yaani msajili wa kampuni wa Uingereza, bure, pamoja na tarehe iliyosajiliwa.

Mlioshalipa, acheni kubishana naye. Najua inauma, lakini kila ujumbe wa "tumeahirisha, tutakupangia tarehe nyingine" anaoutuma una kazi yake. Utaratibu wa kurudishiwa hauhusu ugomvi wa kawaida kati ya mteja na muuzaji aliyechelewesha huduma, na yeye anataka mbele ya benki aonekane ndiye huyo. Mkikubali tarehe mpya mnamsaidia. Pigeni picha za tangazo, maongezi yote na risiti, kabla hajafuta. Pigeni 159, itawaunganisha na benki yenu, na semeni wazi kwamba ni utapeli: mtu aliuza nafasi katika uwanja ambao hakuwahi kuukodi. Ofisi ya uwanja ikikuthibitishia kwa barua pepe kwamba tarehe hiyo haikuwa yake, ambatisha. Mna miezi 13 tangu malipo ya mwisho, lakini anayewahi ana nafasi nzuri zaidi.

Maadmini wa magrupu, tangazo lililopo sasa hivi lina picha ya gari jekundu likiwa kwenye kona na maandishi ya njano, na uwanja amebadilisha kuwa Snetterton. Liondoeni, na namba iliyolituma itoeni pia, kwa sababu mara ya mwisho lilifutwa asubuhi na jioni alikuwa amelirudisha.