Tathmini ya Mwongozo wa 36 wa ASHRAE kuhusu uendeshaji wa mitambo ya kupasha na kupoza majengo

Kwa miaka mingi nchini Marekani, mhandisi alisanifu mitambo ya kupasha na kupoza jengo, akaeleza namna ya kuiendesha kwa aya chache tu, na fundi wa udhibiti akaandika programu kwa kadiri alivyoelewa. Ndiyo maana majengo mawili yenye mitambo ileile yaliweza kutofautiana sana katika matumizi ya umeme. Mwongozo wa 36, uliotolewa na chama cha wahandisi cha ASHRAE mwaka 2018 na kupanuliwa mwaka 2021 ili uhusishe pia mitambo ya maji baridi na maji moto, umekuja kuziba pengo hilo. Kila amri imeandikwa kinaganaga, pamoja na viwango vya kuanzia na tahadhari za hitilafu.

Ninachokithamini zaidi ni utaratibu wa kupunguza na kuitikia. Kwa desturi ya zamani, feni kuu ilisukuma hewa kwa presha ileile mchana kutwa, hata kama vyumba vingi havikuihitaji. Katika Mwongozo huu, kwa viwango vyake vya kuanzia, presha hushushwa paskali 12 (paskali ni kipimo cha presha) kila baada ya dakika 2; chumba ambacho kilango chake cha hewa kimekaribia kufunguka chote hutuma ombi, na maombi yakizidi 2, presha hupandishwa. Faida yake si ndogo, kwani kasi ya feni ikipungua kwa asilimia 20, umeme inaotumia unaweza kupungua karibu nusu. Vilevile kiwango cha chini cha hewa baridi iingiayo chumbani kimepunguzwa, na hivyo kupunguza ule upotevu wa kupoza hewa kisha kuipasha upya, uliowafanya wafanyakazi wa ofisini watetemeke wakati wa kiangazi.

Udhaifu wake mkubwa unatokana na nguvu hiyohiyo. Chumba kimoja chenye kihisi kibovu kinaweza kutuma maombi bila kukoma na kuilazimisha feni ihudumie jengo zima kwa presha ya juu. Waandishi walilitambua hilo: mfumo hujumlisha saa za maombi ya kila chumba, na msimamizi anaweza kupunguza uzito unaopewa maombi ya chumba korofi au kukipuuza kabisa. Hata hivyo, lazima awepo mtu wa kusoma takwimu hizo, na jengo lisilo na fundi wa kudumu litapoteza sehemu kubwa ya faida.

Kwa nyumba zenye viyoyozi vidogo vya ukutani, hati hii haina kazi. Katika miji yenye unyevunyevu kama Mombasa na Dar es Salaam, sura za kupasha zinaweza kurukwa, na hewa inayotoka mtamboni ibaki baridi ya kutosha kukausha unyevu. Kwa jengo kubwa naipendekeza bila kusita, ila mkataba umtake mkandarasi athibitishe kwa majaribio, mbele ya mwenye jengo, kwamba programu yake inatekeleza kila amri kama ilivyoandikwa.