Vitabu vya ngazi vya kufundishia watu wazima kusoma, nyota 4 kati ya 5

Jamani hivi vitabu vimenisaidia sana, mi nafundisha watu wazima kusoma na mwanzoni nilikuwa nawapa vitabu vya watoto, hadithi za sungura, sasa mtu ana wajukuu unampa sungura anaona unamdharau, wengine waliacha kuja kabisa na iliniuma. Hivi ni tofauti, vimepangwa kwa ngazi kuanzia rahisi kwenda vigumu, sentensi fupi ila mambo ya kikubwa: dozi ya dawa, mkopo, fomu ya kuomba kazi. Kumpangia mtu ngazi namsomesha kwa sauti kipande cha maneno kama 100, akikwama zaidi ya 10 namshusha, akikwama mawili matatu tu basi kitabu hicho anaenda kujisomea mwenyewe nyumbani. Rekodi za sauti ziko poa, anasikiliza huku anafuata kwa kidole. Ila ile namba ya ngazi kwenye kava siipendi, watu wanaanza kulinganishana, nimebandika stika juu yake. Na kutoka ngazi ya 2 kwenda ya 3 wameruka mno, maneno mapya yanamiminika ghafla, hapo inabidi mrudie kitabu kilekile mara tatu nne, waongeze vingine pale katikati aisee.